Nakshi haivunji kisahani: Ukweli kuhusu bunduki mpya za mitutu miwili

Julai 17, 1994, jua kali la Pasadena, Marekani. Fainali ya Kombe la Dunia imemaliza dakika 120 bila bao, Italia na Brazil zinapigiana penalti. Roberto Baggio anatenga mpira, anarudi nyuma, anakimbia, anapiga. Mpira unapaa juu ya mwamba, Brazil bingwa.

Watu walijadili mguu ule, kichwa kile, uchovu ule na misuli ya paja iliyokuwa inamsumbua. Hakuna shabiki mwenye akili timamu aliyesimama kwenye kijiwe akasema kiatu ndicho kilichoikosesha Italia kombe.

Miaka 6 baadaye Baggio akatua Brescia, mji wa kaskazini mwa Italia. Akacheza hapo mpaka alipotundika daluga mwaka 2004, na klabu ikaistaafisha jezi yake namba 10. Pep Guardiola naye alipita kwenye kikosi hicho. Ambalo mashabiki wengi hawalijui ni kwamba Baggio, nje ya uwanja, ni mpenzi wa kutupwa wa kuwinda ndege. Na kwa mwindaji, kuishi Brescia ni sawa na shabiki wa Yanga kupata chumba cha kupanga Jangwani.

Kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye bonde linaloitwa Val Trompia, kipo kijiji cha viwanda cha Gardone. Hapo ndipo nyumbani kwa Beretta. Kumbukumbu za kampuni hiyo zinaanzia mwaka 1526, pale fundi Bartolomeo Beretta alipolipwa kwa mitutu 185 aliyoiuzia ghala la silaha la Venice. Mpaka 2026 hiyo ni miaka 500. Upande mwingine wa mji, Botticino, wapo Perazzi, walioanza mwaka 1957 na leo jina lao linatajwa karibu kila fainali ya kulenga visahani kwenye Olimpiki.

Kutoka viwanda hivyo, na vingine vya Ubelgiji, Ujerumani na Japani, kila msimu zinatoka shotigani mpya. Majarida ya Uingereza na Italia yanazichambua kama wachambuzi wa soka wanavyochambua dirisha la usajili. Na kama ilivyo kwenye usajili, kelele nyingi ni za jina na bei. Swali la maana linawekwa benchi: bunduki hii itamkaa nani?

Hapo ndipo wanunuzi wanapopigwa.

MITUTU ILIYOPANDANA

Kwanza mchezo wenyewe. Shotigani ni bunduki ya marisawa, yaani kila risasi inatoa tembe ndogo nyingi zinazotawanyika kama mvua badala ya kichwa kimoja. Ndiyo inayotumika kupiga kitu kinachopaa: ndege pori, au kisahani kinachorushwa na mashine.

Bunduki za zamani za mabwana wa Uingereza zilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Hizi za kisasa mitutu imepandana, mmoja juu, mwingine chini. Kampuni ya Boss ya London ilitengeneza yake mwaka 1909, ikawa kitu cha matajiri. Mmarekani John Moses Browning ndiye aliyeishusha kwa watu wa kawaida. Alikufa Liège, Ubelgiji, Novemba 1926, akiwa kazini kiwandani kabla hajaikamilisha. Mwanawe Val akaimalizia, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaingia sokoni.

Kwa nini mitutu iliyopandana imeshinda? Sababu ni mbili, na wala si za urembo.

Ya kwanza ni jicho. Mpigaji anaona mtutu mmoja tu mbele yake, mwembamba, kama njia nyembamba inayoelekea kwenye shabaha. Haoni ubao mpana wa mitutu miwili.

Ya pili ni teke. Kila bunduki inapofyatuka inarudi nyuma na kupiga bega. Mtutu wa chini ndio hufyatuliwa kwanza kwa kawaida, na kwa kuwa umekaa chini karibu na usawa wa bega, teke linarudi moja kwa moja nyuma badala ya kuirusha midomo ya mitutu juu. Mpigaji anabaki kwenye mstari, na risasi ya pili inatoka haraka.

Hiyo ndiyo faida, na kila bunduki ya aina hii inayo, ya bei ya chini na ya bei ya juu. Kinachofuata baada ya hapo ni mambo ya kuchagua.

KIKOSI CHA SASA

Kwa mwenye pesa ya kawaida kule Uingereza, jina linalotajwa kwanza ni Beretta 686 Silver Pigeon. Mpya inauzwa zaidi ya pauni 2,000. Ni kama yule kiungo mkabaji anayecheza mechi 38 bila kuandikwa magazetini. Siri yake iko kwenye bawaba: badala ya pini kubwa chini ya mitutu, Beretta hutumia vishikizo viwili vidogo pembeni. Mwili wa bunduki unakuwa mfupi kwa kimo, mikono inakaa karibu na mstari wa mitutu. Ni nyepesi, inafaa kwa mtu anayetembea shambani siku nzima akifuata kwale. Lakini wepesi huo huo, mtu akiipeleka kwenye visahani mia kwa siku moja, bega litamsimulia usiku.

Mpinzani wake wa jadi ni Browning. Familia hii imebaki na wazo la mzee John: pini pana inayopita chini ya mitutu. Ni imara sana, ila mwili wake ni mnene zaidi. Mwaka 2012 wakaleta B725, wakapunguza kimo cha mwili na kuweka kifyatulio ambacho hakitegemei teke la risasi ya kwanza ili kujiandaa kwa ya pili. Maana yake, risasi ya kwanza ikigoma, ya pili bado inatoka. Kwa mwindaji hilo si jambo dogo.

Na hapa kuna kichekesho. Kwenye vijiwe vya walengaji kuna ubishi wa Browning na Miroku kama wa watani wa jadi. Wa Browning anajiona wa daraja la juu, wa Miroku anajiona mjanja aliyelipa kidogo. Kumbe Browning nyingi za leo zinatengenezwa Japani, kwenye kiwanda hicho hicho cha Miroku. Ni kama kugombana kuhusu jezi mbili zilizoshonwa na fundi mmoja, tofauti ni nembo kifuani.

Ngazi ya juu kidogo ipo Beretta 694, iliyotoka mwaka 2019 kwa ajili ya visahani. Ni nzito zaidi ya Silver Pigeon, na uzito wake umesambazwa ili bunduki isiyumbe inapozungushwa. Juu yake kuna DT11, ambayo sehemu yote ya kifyatulio inachomoka kwa mkono. Kikivunjika kitu katikati ya mashindano, mpigaji anachomeka kingine na kurudi mchezoni.

Wazo hilo la kuchomoa lilipata umaarufu kwa Perazzi. Mwitalia Ennio Mattarelli alitwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 1964 na bunduki ya nyumba hiyo. Kuelekea Olimpiki ya Mexico 1968 ikazaliwa MX8, na zaidi ya nusu karne baadaye bado inauzwa ikiwa mpya. Wajerumani nao wana Krieghoff K-80, nzito, ya bei ya gari zuri, na wenye nayo huizungumzia kama mtu anavyozungumzia mkwe tajiri.

Zote hizo ni bunduki nzuri. Hakuna garasa kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana uchambuzi unaoishia kusema "hii ni nzuri" haumsaidii mtu. Suala ni nzuri kwa nani.

MILIMITA 3 ZINAZOUA

Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Bunduki ya kivita inayo, mpigaji analinganisha nundu mbili na shabaha. Kwenye shotigani, mbele kuna shanga ndogo tu, na kilengeo cha nyuma ni jicho lenyewe la mpigaji. Jicho likikaa juu sana, bunduki inapiga juu. Likikaa pembeni, inapiga pembeni.

Jicho linakaa wapi? Linakaa pale kitako cha bunduki kinapoliweka. Shavu linalala juu ya mgongo wa kitako, bega linapokea mwisho wake, na urefu, kimo na mkunjo wa mbao ile ndivyo vinavyoamua.

Hesabu yake ni ya darasa la 7. Kutoka kwenye jicho mpaka mdomo wa mtutu ni kama mita 1. Kisahani kinapigwa kikiwa umbali wa kama mita 35. Kwa hiyo kosa la milimita 1 kwenye shavu linakuwa kosa la milimita 35 kule mbele. Kosa la milimita 3 linakuwa zaidi ya sentimita 10. Kisahani chenyewe kina upana wa sentimita 11.

Yaani unene wa sarafu mbili chini ya shavu unahamisha kiini cha mvua ya marisawa kwa upana mzima wa shabaha. Marisawa yanatawanyika, ndiyo, na mara nyingine tembe za pembeni zitamwokoa mpigaji. Lakini anayeishi kwa kuokolewa na tembe za pembeni ni kama timu inayosubiri bao la kujifunga la mpinzani kila wiki.

Sasa, bunduki ya dukani kwa kawaida imekatwa kwa vipimo vya mtu mmoja wa kufikirika: mwanaume, mtu mzima, urefu wa wastani, anayetumia mkono wa kulia. Mwenye shingo ndefu hayumo. Kijana hayumo. Mashoto hayumo, na kitako cha wa kulia kimekunjwa kumkimbia. Wanawake wengi, ambao mashavu, mabega na vifua vyao havikai kama vya yule bwana wa kufikirika, nao hawamo.

Viwanda vinajua. Ndiyo maana siku hizi bunduki nyingi za visahani zinauzwa na kitako chenye mgongo unaopanda na kushuka kwa skrubu. Ndiyo maana Beretta wana bunduki za Vittoria zilizokatwa kwa ajili ya wanawake. Na ndiyo maana kuna mafundi wa kupima kitako, kama vile kuna mafundi cherehani: mteja anainua bunduki mara 20, fundi anatazama jicho lilipo, anakunja mbao kwa joto, anaongeza au kupunguza.

Kazi hiyo haigharimu hata robo ya pengo la bei kati ya Silver Pigeon na DT11. Lakini mnunuzi anayeona sawa kulipa maelfu zaidi kwa nakshi za ndege waliochorwa ubavuni mwa bunduki, huyo huyo akiambiwa alipie kupimwa kitako anasema anaibiwa.

Bwana, ni nani hapo anayemwibia mwenzake?

FAINALI NI PENALTI

Anayedhani haya ni mambo ya mabwana wa kizungu na mbwa wao shambani, aikumbuke Olimpiki ya Paris 2024.

Kwenye mchezo wa trapu, mashine zimefichwa kwenye handaki mbele ya mpigaji. Anaita, kisahani kinaruka upande asioujua, kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Kwenye mchujo kuna visahani 125 na kila kimoja kinaruhusiwa risasi mbili. Ikifika fainali, utani unaisha: kisahani kimoja, risasi moja. Anayekosa zaidi anatolewa, mmoja mmoja, mpaka wabaki wawili. Uamuzi wote wa kuita, kuona, kufuata na kufyatua unamalizika ndani ya sekunde moja.

Hiyo ni penalti, tena penalti 50 mfululizo, na kipa hajulikani ataruka wapi.

Julai 31, 2024, kwenye viwanja vya Châteauroux, Adriana Ruano wa Guatemala alivunja visahani 45 kati ya 50, rekodi ya Olimpiki, akatwaa dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Guatemala tangu nchi hiyo ianze kushiriki Olimpiki. Siku moja kabla, mwenzake Jean Pierre Brol alikuwa ameshachukua shaba kwenye mchezo huo huo upande wa wanaume, nyuma ya Mwingereza Nathan Hales aliyevunja 48 kati ya 50. Kabla ya wiki ile, Guatemala ilikuwa na medali 1 tu katika historia yake yote.

Ruano hakuzaliwa na bunduki mkononi. Alikuwa mwanamichezo wa sarakasi za jimnastiki. Mwaka 2011 mgongo ukaumia, ndoto ikafa, akashauriwa kujaribu mchezo wa kulenga shabaha kwa sababu hautesi mwili namna ile. Rio 2016 alikwenda kama mtu wa kujitolea, akisaidia kazi kwenye viwanja vya kulengea. Tokyo alishindana na hakufika fainali. Miaka 3 baadaye akawa bingwa.

Kabla yake, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Alessandra Perilli wa San Marino alichukua shaba ya trapu. San Marino ina watu elfu thelathini na kitu, hawaujazi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ikawa nchi ndogo kuliko zote kupata medali ya Olimpiki.

Mtanzania anayesoma habari hizi ana haki ya kuguna. Medali za Olimpiki za Tanzania ni 2, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Dhahabu ya kwanza bado inasubiriwa. Guatemala haikuipata yake kwa kuizidi dunia utajiri, wala kwa kuwa na viwanda vya bunduki. Iliipata kwa mwanamke mmoja aliyepiga kisahani kile kile, kwa bunduki inayomkaa, maelfu kwa maelfu ya mara.

MWIZI ALIYETHIBITISHA HOJA

Kama kuna anayebisha kuhusu uzito wa bunduki inayomkaa mtu, asikie kisa cha Mmarekani Kim Rhode. Huyu alitwaa dhahabu Atlanta 1996 akiwa na miaka 17, na mpaka Rio 2016 alikuwa amepata medali kwenye Olimpiki 6 mfululizo.

Mwaka 2008, baada ya Olimpiki ya Beijing, mwizi alivunja gari lake akaondoka na Perazzi aliyoitumia kwa miaka mingi. Kwa macho ya mtu wa dukani, dawa ni kununua nyingine. Modeli ile ile ipo. Lakini Rhode aliililia kama mtu aliyepoteza ndugu, na mashabiki wakachanga pesa anunuliwe mpya. Baadaye polisi wakaipata ile ya zamani.

Kwa nini mtu alie wakati kiwanda bado kinaitengeneza? Kwa sababu kiwanda kinatengeneza bunduki. Bunduki YAKE, ile ambayo shavu lake lilikuwa limeizoea toka utotoni, kiwanda hakiiuzi. London 2012 alitwaa dhahabu kwa kuvunja visahani 99 kati ya 100. Mashabiki hawakumchangia nakshi, walimchangia bunduki mpya, na yeye akairudia kazi upya mpaka nayo ikamkubali.

JAMBO LINALOFICHWA: CHUMA

Kuna jambo jingine ambalo uchambuzi mwingi wa bunduki mpya unalitaja kwa sentensi moja kisha unarudi kwenye urembo wa mbao. Ndilo litakaloamua bunduki ipi itakuwa na thamani miaka 10 ijayo.

Toka zamani marisawa yametengenezwa kwa madini ya risasi. Ni mazito, ni laini, yanakwenda mbali na hayakwaruzi mtutu. Tatizo ni sumu. Ndege wa majini huokota tembe hizo matopeni wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula tumboni, wanakufa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku marisawa hayo kwenye maeneo ya ardhi oevu kuanzia Februari 15, 2023. Julai 2025 Serikali ya Uingereza nayo ikatangaza kuyaondoa marisawa yenye zaidi ya asilimia 1 ya madini hayo, na kutoa kipindi cha mpito cha miaka 3.

Mbadala wa bei nafuu ni chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo mwindaji anahitaji tembe kubwa zaidi na mwendo mkali zaidi ili kuua ndege kwa heshima badala ya kumjeruhi akafie kichakani. Chuma pia ni kigumu. Mdomo wa mtutu huwa na kibano kinachoitwa choku, ambacho hubana mvua ya marisawa isitawanyike mapema. Risasi laini inapita kwenye choku iliyobana sana bila kulalamika. Tembe kubwa za chuma zikipita hapo, mtutu unaweza kuvimba.

Ndiyo maana bunduki iliyopimwa kwa risasi za chuma zenye nguvu hupigwa muhuri wa ua la yungiyungi kwenye mitutu. Muhuri ni mdogo kuliko ukucha. Haung'ai. Hauonekani kwenye picha za majarida. Lakini kwa mnunuzi wa leo, una thamani kuliko ndege wote wa dhahabu waliochorwa ubavuni.

Kuna watu wanauziwa bunduki nzuri za mtumba, za mkono wa pili, zenye choku zisizobadilika na zimebana mno, kwa bei inayoonekana ya kutupa. Muuzaji anasifia mbao. Hasemi sheria inakokwenda. Hiyo ni sawa na kuuziwa mshambuliaji mwenye mabao 30 msimu uliopita bila kuambiwa goti lake limebakiza mechi 5. Bunduki yenye choku za kubadilisha na muhuri huo, hata kama ni nyeusi tii isiyo na ua hata moja, itamfikisha mwenyewe mbali zaidi.

WANAOTETEA BEI WANA HOJA

Haki itendeke. Wanaonunua bunduki za bei kubwa si wote wajinga. Mlengaji wa mashindano anafyatua makumi ya maelfu ya risasi kwa mwaka. Bawaba zinalika, springi zinachoka. DT11, Perazzi na Krieghoff zimejengwa kubebeshwa mzigo huo miaka na miaka, na vipuri vyake vinabadilishwa kwa dakika. Uzito wao unameza teke, na kichwa kisichoumia saa 9 alasiri ndicho kinachoshinda fainali. Tena Perazzi anayeagizwa kiwandani huja na kitako kilichokatwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe, yaani sehemu ya bei ile ni kupimwa huko huko.

Sawa. Ila hiyo ni hoja ya mtu anayefyatua kila siku. Anayekwenda kiwanjani Jumapili mbili kwa mwezi hana shida ambayo DT11 imeundwa kuitatua. Shida yake ni nyingine: hajapimwa, hajafundishwa, na pesa ya risasi za mazoezi imeishia kwenye nakshi. Ananyanyua bunduki ya bingwa na kukosa kama yanki wa mtaani aliyevaa viatu vya Mbappé.

HUKUMU

Kwa mtu anayetaka bunduki moja ya kumtumikia kwenye visahani na kwenye uwindaji, jibu lipo na halijifichi. Mitutu ya inchi 30, mirefu ya kutosha kutulia kwenye kisahani, si mirefu ya kumlemea shambani. Uzito wa kama kilo 3 na nusu. Choku za kubadilisha. Muhuri wa chuma. Kitako chenye mgongo wa kurekebishwa, au cha mbao ambacho fundi anaweza kukikunja. Silver Pigeon, B725 na Miroku zote zina umbo linaloingia humo, na ile itakayoshinda baina yao ni ile ambayo mteja akifumba macho, akainyanyua begani na kuyafumbua, anaikuta shanga iko katikati ya jicho bila kusukuma shingo.

Zikimgomea zote 3, asinunue yoyote siku hiyo. Akapimwe kwanza.

Na kwa vyama vya michezo vya nchi zisizo na pesa nyingi, somo la Guatemala ni hilo hilo. Pesa ya kwanza iende kwa mwalimu. Ya pili iende kwenye kitako. Ya tatu iende kwenye risasi za mazoezi, nyingi kadiri inavyowezekana. Jina la bunduki lije mwisho, tena kama kuna chenji iliyobaki. Kikao kinachoanza kwa kujadili "tununue ya kampuni gani" kimeshapoteza mechi kabla ya filimbi.

Baggio hakuwahi kukilaumu kiatu. Alisema na dunia ikakubali kwamba penalti ile ilikuwa yake. Baada ya hapo alirudi kazini, akafunga tena penalti, tena kwenye Kombe la Dunia lililofuata, Ufaransa 1998. Kwa kisahani ni vile vile. Kikipita kizima mbele ya mitutu ya pauni elfu 10, muuzaji yuko dukani kwake anahesabu noti. Aliyebaki kiwanjani ni mwenye bega.